Ukuta wa Chumba cha Marta

Jumanne, 3 Desemba

Nesi amenipa daftari hili niandike presha ya mke wangu Marta asubuhi na jioni. Leo asubuhi 160 kwa 100, jioni 155 kwa 95. Kurasa ni nyingi kuliko presha, kwa hiyo nitaandika na mambo mengine. La kwanza ni ukuta.

Ukuta wa nyuma, wa chumba anacholala Marta, una ufa. Ulianza juu ya dirisha mvua za mwaka jana. Niliuona, nikaamua kwamba sijauona. Mvua za safari hii zina wiki mbili tu na ufa umeshuka mpaka usawa wa kitanda. Njiti ya kiberiti inaingia. Nimechora mstari wa penseli pale unapoishia, nikaandika tarehe pembeni.

Halafu nikafanya kosa la kumpigia Bupe. Ni mtoto wetu pekee, anauza nyanya za Ilula kwa jumla pale Iringa mjini, na kazi hiyo imemzoesha kuamua mambo kabla hayajaoza. Akasema, "Baba, ukuta huo ukiendelea hivyo, Pasaka nakuja kumchukua mama."

"Na mimi?"

"Kwangu ni vyumba viwili na watoto wawili, baba. Kitanda cha mama nitakibanabana. Wewe itabidi ubaki na nyumba."

Marta alisikia yote, maana simu yangu inapiga kelele kama redio. Tangu kiharusi cha Septemba upande wake wa kulia haumtii, na maneno yamebaki manne: maji, hapana, Bupe, hapa. Akapiga godoro kwa mkono wa kushoto. "Hapa," akasema. Akapiga tena. "Hapa."

Tuna miaka thelathini na moja ya ndoa. Daktari hakuniambia amebakiza muda gani, ila aliniangalia kama mimi nilivyokuwa nawaangalia wakulima kule Rujewa, nilipokuwa karani wa mizani kwenye kinu cha kukoboa mpunga, pale mtu alipoleta mpunga mbichi na tumaini kubwa. Muda huo uliobaki, wowote ule, sitaki kuumaliza peke yangu hapa Igawilo nikilinda mabati huku yeye yuko Iringa. Kwa hiyo ukuta lazima usimame mpaka mvua ziishe. Siombi kingine.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua. 155 kwa 95.

Jumapili, 8 Desemba

Nimepata fundi, na nimempata kanisani, kama tunavyopata kila kitu. Ambokile anaimba besi kwenye kwaya na ndiye aliyejenga madhabahu mpya. Madhabahu haijawahi kunyeshewa, lakini hilo sikulifikiria kwa wakati.

Baada ya ibada alikuja, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari.

"Mzee Eliezeri, hii ni plasta tu imezeeka. Ukuta hauna shida."

"Ufa unaonekana mpaka nje, Ambokile."

"Nje nako ni plasta."

"Nje sijapiga plasta."

Akafikiri. "Basi huko ni rangi," akasema. Rangi nayo sijapaka. Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa ameshavua kofia ili amwombee Marta, na alimwombea vizuri, kwa dakika nyingi, mpaka Tumpe, jirani yetu anayenisaidia kumwogesha, akatokwa machozi.

Jumatano, 11 Desemba

Ambokile amebandua plasta ya zamani na kupiga mpya. Ukuta umekuwa mzuri kuliko sisi wote humu ndani. Mistari yangu ya penseli imezikwa.

Marta anautazama ukuta namna alivyokuwa anamtazama mganga wa kienyeji aliyewahi kuja kwa mama yangu. Sijamuuliza.

Jumapili, 22 Desemba

Umerudi. Siku kumi na moja. Umepita palepale, kama mtu anayejua njia ya kwao. Njiti mbili za kiberiti zinaingia zikiwa zimelala pamoja.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Mvua. Tumpe ametuletea wali na kuku. Marta amekula paja zima. 150 kwa 90.

Jumapili, 5 Januari

Nilikusudia kumbana Ambokile baada ya ibada. Nikamfuata mpaka kwenye ngazi. Akaniwahi: "Mama anaendeleaje? Sisi kwaya tunamwombea kila Alhamisi." Nikasema anaendelea vizuri, nikamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga sana. Nikarudi nyumbani.

Naandika hili ili mtu mwingine asirudie. Fundi wa kanisani kwako humwajiri, unamwomba. Akiharibu, utamgombezaje mtu ambaye jana alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha mkeo? Unakosa fundi, na ukifungua mdomo unakosa na msharika.

Jumanne, 14 Januari

Safari hii nikamtafuta mtu asiyemjua mchungaji wangu. Anaitwa Zabron, kijana wa miaka thelathini hivi, buti safi, simu kubwa. Amekuja na picha. Nyumba za ghorofa, nyumba zenye nguzo kama benki.

"Hii nimejenga mimi, mzee. Na hii. Na hii."

Nilishika kazi ya mizani miaka ishirini na mbili. Macho yangu huenda penye kidole cha mtu kwenye gunia kabla ya kwenda kwenye gunia lenyewe. Mbele ya moja ya zile nyumba kulikuwa na gari, na usukani wake ulikuwa upande wa kushoto.

"Hii uliijenga wapi?" nikauliza.

"Tunduma."

"Tunduma upande gani?"

"Mbele kidogo."

Mbele kidogo kiasi gani, sikuuliza, ingawa najua kwamba hata ukivuka mpaka ukaingia Zambia usukani haubadiliki upande. Nilitakiwa kumpa chai na kumsindikiza. Badala yake nilimpeleka chumbani. Mchana ule ufa ulikuwa umelia. Ndiyo, ulilia, sauti ndogo kama ya ubao unaokanyagwa, na Marta akageuza kichwa akaniangalia. Mtu aliyesikia ukuta ukilia juu ya kichwa cha mkewe hachagui fundi. Anashika wa kwanza aliye mlangoni.

Zabron akasema ukuta unainamia nje, dawa yake ni kuujengea nguzo nzito ya kuuegemeza. Aliongea kwa uhakika. Ni uhakika ule nilioununua.

Jumatatu, 20 Januari

Nguzo imekwisha. Mawe, simenti, nondo, imeshikanishwa na ukuta kwa vipande vya chuma. Ni pana kuliko mlango. Zabron aliipiga kibao akasema, "Hata treni haing'oi, mzee." Huku kwenye ukuta wetu hatutarajii treni.

Jumamosi, 1 Februari

Mvua siku ya tano mfululizo. Ufa haujasogea. Nimempigia Bupe kumwambia. Akasema, "Tutaona, baba." 145 kwa 90. Nimelala vizuri.

Jumanne, 11 Februari

Penseli inaingia kwenye ufa. Nzima.

Nimeenda nje na mwavuli kuangalia ile nguzo. Imezama. Zabron alipoimaliza, kichwa cha nguzo kilikuwa sawa na kizingiti cha dirisha. Leo kiko chini kwa upana wa viganja viwili, na kwa kuwa imefungwa kwa vyuma, inazama na ukuta wetu mkononi. Tulijenga kitu cha kuusukuma ukuta urudi ndani. Kinauvuta nje.

Nilisimama pale mpaka mwavuli ukaanza kuvuja. Tumpe akaniita kutoka kwake, "Baba Bupe, utaugua na wewe, tuuguze wawili!"

Alhamisi, 13 Februari

Simu ya Zabron imepokelewa na mwanamke. "Hayupo. Ameenda Chunya, wanasema kuna dhahabu imetoka."

"Atarudi lini?"

"Akiipata harudi, asipoipata anaona aibu kurudi. Wewe ni mzee wa ghorofa au mzee wa choo?"

"Wa ukuta."

"Aa," akasema, kwa huruma ya kweli. "Mko wengi."

Ijumaa, 21 Februari

165 kwa 105. Ni kosa langu. Anaona ninavyoukodolea macho ukuta.

Jumatatu, 3 Machi

Tumemhamishia Marta sebuleni, mimi na Tumpe, tumemburuza na godoro lake. Chumba cha nyuma nimekifunga. Kidole changu cha shahada kinaingia kwenye ufa, na nikikitoa kinakuwa na baridi ya nje.

Sasa hofu ni nyingine. Mabati yote yanakaa kwenye kenchi moja, zile mbao za paa. Ukuta wa nyuma ukianguka wenyewe utavuta kenchi, na kenchi itavuta sebule. Nimemhamisha mke wangu kutoka mdomoni mwa mamba kumweka mkiani.

Bupe amepiga. Sikumwambia. Akasema, "Baba, mbona mama anaongelea karibu na mlango?" Sikujua kwamba anasikia sauti ya mlango wetu.

Nikamwambia.

Akasema bila ukali, na hapo ndipo nilipoogopa: "Jumamosi ya Pasaka nakuja na gari. Usibishane na mimi, baba. Ukuta ukimwangukia mama sitakusamehe, na wewe pia hutajisamehe." Yote kweli.

Jumatano, 12 Machi

Nimekaa nikajiuliza nilichotakiwa kujiuliza Desemba. Kinuni hatukuwahi kumjua mkulima mwaminifu kwa kumuuliza kama ni mwaminifu. Tulimjua kwa vitu alivyofanya akidhani havihesabiki. Je, fundi hufanya nini akidhani haonekani?

Nikaenda kwa Esta, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale njia panda. Esta ana sauti ya mtu anayeongea na watu walio juu ya lori.

"Shikamoo baba. Simenti?"

"Marahaba. Hapana. Nataka kujua ni fundi gani hapa hukurudishia vitu vinavyobaki."

Alicheka mpaka akaegemea mifuko. "Kurudisha? Hapa misumari ikitoka imetoka, baba. Wengine wana mabanda ya kuku yamejengwa kwa nyumba kumi za watu." Kisha akaacha kucheka. "Yupo mmoja. Yule Mhehe, Kalinga. Mwezi uliopita kaniletea mifuko mitatu, anasema mwenye nyumba hana haja nayo, nimrudishie hela yake. Simpendi kabisa. Ananiharibia biashara."

Nikamwomba namba. Kwa umri wangu wa miaka sitini na mbili, hayo ndiyo maneno matamu kuliko yote niliyowahi kusikia kuhusu fundi.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika siku hii polepole.

Kalinga ni mtu mfupi, karibu miaka hamsini, koti la mvua limeshonwa begani kwa uzi wa kuvulia samaki. Alifika saa mbili kamili, saa aliyosema. Tumpe alikuwa kibarazani akichambua maharage.

"Kamwene," Kalinga akamsalimia kwa Kihehe chake.

"Kamwene mwenyewe! Hapa ni ndizi tu, Mhehe, ugali hatupiki."

"Nitakula, mama. Nikishindwa nitalia."

Nikataka kumpeleka kwenye ufa. Hakutaka kuuona. Aliizunguka nyumba mara mbili kwenye mvua, mikono nyuma. Akapanda mteremkoni mpaka kwenye migomba, akageuka akatazama chini, kule maji yanakotoka na kule yanakoelekea. Akarudi akaning'iniza jiwe kwa uzi kwenye ukingo wa bati akatazama namna ukuta ulivyouacha uzi. Mwishoni ndipo akaingia chumbani, akaona mistari ya penseli niliyoichora upya juu ya plasta.

"Nani kaandika tarehe hizi?"

"Mimi."

"Vizuri," akasema. Niliona haya namna nilivyofurahi.

Halafu akaomba nondo. Akaichoma ardhini kando ya msingi wa sebule, ikagoma. Kando ya chumba cha mbele, ikagoma. Akaenda nyuma, hatua mbili kutoka kwenye nguzo ya Zabron, akaisukuma kwa mkono mmoja. Nondo iliingia mpaka ngumi yake ikagusa matope. Alipoichomoa, shimo likajaa maji meusi.

"Mzee," akasema, "tofali za nyumba hii zilifyatuliwa wapi?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilijua jibu kabla hajamaliza swali, na nilijua pia kwamba nilikuwa nalijua siku zote, kama nilivyouona ufa mwaka jana nikaamua sijauona.

"Hapo uliposimama," nikasema.

"Na shimo mlilijaza nini?"

"Majivu ya tanuru. Magunzi. Majani ya migomba. Godoro. Mwaka wa tisini na nane mbuzi aliyekufa kwa ugonjwa."

"Mbuzi," akasema Kalinga, kama anayeandika orodha.

Huku kwetu kila mtu amefanya hivyo. Unanunua kiwanja, unachimba udongo hapohapo, unafyatua, unachoma, unajenga, na shimo linakuwa jalala mpaka linajaa, na likijaa unalisahau, unapanda maboga juu yake. Lakini wenye akili walichimba upande wa chini. Mimi nilichimba upande wa juu, hatua tano kutoka kwenye msingi, na nyumba ilipokuwa haitoshi nikaongeza chumba cha nyuma, nusu yake juu ya jalala langu mwenyewe. Mvua ya miaka ishirini na tisa imekuwa ikishuka mlimani, inapumzika shimoni, halafu inaingia taratibu chini ya kitanda cha mke wangu.

Kurasa zote hizi nimewacheka mafundi. Ambokile alipiga plasta juu ya kosa. Zabron alilijengea nguzo. Aliyelichimba ni mimi.

"Unaweza kuutengeneza?" nikamuuliza.

"Ukuta huu? Hapana. Chumba cha nyuma kimekwenda, mzee. Vyumba vya mbele viko kwenye ardhi ngumu, hivyo naweza kuvitenga. Tunatoa mabati ya nyuma, tunaegemeza kenchi kwa nguzo za mirunda, tunakata pale kuta zinaposhikana, halafu tunauangusha sisi wenyewe upande wa nje. Ukianguka wenyewe, hauchagui upande."

"Na ukuta mpya?"

"Septemba, udongo ukikauka. Nitachimba mpaka nikute ardhi iliyogoma. Ukitaka wa kukujengea sasa hivi, wapo wengi. Mimi sijengi kwenye uji."

"Unaanza lini?"

"Tarehe ishirini na tisa. Nina nyumba ya mtu sijaimaliza."

Wiki mbili! Nilimsihi. Nilimwambia habari za Marta, za Bupe, za gari la Pasaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nikimwacha huyo nije kwako, mzee, na wewe nitakuacha niende kwa mwingine." Akanionyesha kwa kisigino mahali pa kuchimba mtaro juu ya migomba ili maji yapite pembeni. "Wewe anza huo. Ukiisha kabla sijaja, ukuta unaweza kutusubiri."

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Nilikaa kando ya godoro nikamwambia Marta kuhusu shimo.

Miaka yote nimekuwa nikisimulia kwamba nilichimba karibu kwa kumhurumia, maana alikuwa na mimba ya Bupe na sikutaka abebe tofali mbali. Watu huipenda hadithi hiyo. Leo nikamwambia kwamba ilikuwa uvivu. Nilichoka mimi.

Mdomo wake ulipanda upande mmoja. Nilidhani anaumwa, nikanyanyuka kuchukua mashine ya presha, ndipo nikatambua kwamba anacheka. Alicheka kwa nusu ya uso mpaka chozi likamtoka, halafu akanipiga begani kwa ule mkono wake mzima. Una nguvu mkono ule.

150 kwa 95.

Jumanne, 18 Machi

Mtaro, hatua nne.

Jumatano, 19 Machi

Hatua tatu. Jiwe.

Alhamisi, 20 Machi

Jiwe lilelile.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua ya mawe. Mtaro wangu ulikuwa umefika hatua thelathini, bado kama sita. Maji yalipofika mwisho wake yalirudi yote nyuma ya nyumba kwa hasira ya kufugwa. Nilikuwa juu kule na jembe, nikaona nguzo ya Zabron inainama kama mzee anayetafuta kitu chini, na tofali mbili zikatoka juu ya dirisha zikaanguka matopeni bila sauti.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Tumpe anasema nilikuwa naita "Marta" huku nachimba badala ya kukimbilia ndani. Nilifikiri nikikimbilia ndani nitamshika mkono tu, tufunikwe wawili; nikichimba huenda asifunikwe mtu. Nilichimba hatua hizo sita kwa jembe na kwa mikono. Maji yakageuka. Nikalala chali kwenye migomba, mvua inaniingia mdomoni.

Ukuta umebaki umesimama. Ngumi inaingia.

Jumamosi, 29 Machi

Saa mbili kamili. Kalinga alitembea mtaro wote toka juu hadi chini. "Umepinda," akasema. Halafu akasema, "Unafaa."

Amekuja peke yake. Saidia fundi wake ana malaria, kwa hiyo saidia fundi ni mimi. Leo tumetoa mabati ya nyuma. Yeye juu, mimi chini napokea. Misumari iliyong'olewa anaiweka kwenye kopo, iliyopinda peke yake na iliyonyooka peke yake.

Jumatano, 2 Aprili

Leo tumeuangusha.

Marta tulimbeba asubuhi tukamweka kibarazani kwa Tumpe, kwenye kiti, na mablanketi mawili. Nilitaka akae ndani kwa Tumpe, asione. Akasema hapana. Kiti tukakigeuza kielekee kwenye ukuta.

Kalinga alikuwa amemaliza kukata maungio. Kila baada ya tofali tano alishuka, akaweka kiganja kwenye ukuta wa sebule, akasubiri. Nilimuuliza anasikiliza nini. "Kama umeamua kwenda na mwenzake," akasema.

Kamba ilikuwa ndefu, ila watu wa kuvuta tulikuwa mmoja na nusu, nusu nikiwa mimi. Ndipo nikamwona Ambokile anakuja njiani na wanaume wanne wa kwaya, viatu mkononi, suruali zimekunjwa. Nani kamwambia, sijui. Tumpe alikuwa anachambua maharage kwa bidii sana.

Ambokile hakunitazama. Alimwendea Kalinga. "Fundi, plasta ile ilikuwa yangu."

"Nimeiona," Kalinga akasema. "Imeshika vizuri kuliko ukuta. Shika kamba."

Wakashika. Ambokile akaanza kuhesabu kwa ile besi yake, na kwenye kila tatu tukavuta. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili ukuta ukatoa ile sauti ya ubao, na niliona, wote tuliona, ufa mpya mwembamba unatoka kwenye maungio na kukimbilia ukuta wa sebule, juu ya mlango.

"Simama!" Kalinga akapiga kelele. Akaenda chini ya ule ufa, chini kabisa, mahali ambapo mtu mwenye akili hasimami, akagonga mrunda mmoja zaidi kwa nyundo. Mara saba. Akatoka. "Sasa. Msivute. Kaeni kwenye kamba tu, kaeni na uzito wenu."

Tukakaa. Wanaume sita tukaketi matopeni na kamba mikononi kama watoto, na ukuta wa chumba cha Marta ukafikiri kidogo, ukaondoka. Ulikwenda nje, mzima, na nguzo ya treni ikauvuta mpaka shimoni. Matope yaliruka mpaka kwa Tumpe.

Ule ufa wa sebule uliishia kwenye lenta, mkanda wa zege juu ya mlango. Kalinga aliukagua kwa ukucha na hakusema neno. Tumemfahamu sasa, akinyamaza ni habari njema.

Nilimgeukia Marta. Alikuwa na matope shavuni, na alikuwa anatazama pale palipokuwa na chumba chake, mahali ambapo sasa unaona migomba.

Jumatatu, 14 Aprili

Kalinga ameziba mlango wa nyuma kwa tofali zilezile, ameshusha mabati, amekaza upya fremu ya mlango wa mbele iliyokuwa imelegea. Tuna sebule na chumba kimoja. Pakavu. 145 kwa 90.

Sijampigia Bupe. Nataka akija aone mwenyewe.

Jumamosi, 19 Aprili

Bupe alifika saa tano na gari la kukodi, nyuma kuna godoro jipya. Akashuka, akaizunguka nyumba. Hakuona nyumba iliyopona. Aliona nyumba iliyokatwa.

"Baba, chumba cha mama kiko wapi?"

"Tumekibomoa."

"Mmekibomoa." Akaweka mkono kichwani. "Nakuja kumtoa mama kwenye ukuta mbovu, nakuta hata huo ukuta haupo!"

Kalinga alikuwepo, amekuja kuangalia mtaro baada ya mvua za wiki. Alimweleza kila kitu, akamchomea nondo aone. Bupe alisikiliza kwa adabu. Akasema, "Fundi, nakushukuru, lakini mama yangu si nondo." Nami nilipotaka kusema, akanikatiza kwa sauti ya chini, "Umekonda, baba. Umejiona? Ukianguka wewe, nani atajua? Mtakaa humu wawili mnaangaliana."

Nilikuwa nimeshinda ukuta, na nilikuwa nimeandaa maneno ya ukuta tu. Nikakunja nguo za Marta mwenyewe. Nikaweka dawa, mashine ya presha. Niliandika karatasi ya saa za dawa. Mikono yangu ilifanya yote hayo vizuri sana.

Tukamwinua, Bupe miguuni, dereva mgongoni, mimi upande wa kulia ule usiomtii. Alikuwa mwepesi. Tulipofika mlangoni, mkono wake wa kushoto ukatoka kwenye blanketi ukashika fremu.

"Mama, achia," Bupe akasema.

Hakuachia. Dereva akavuta kidogo. Sisi wabebaji watatu tukasimama. Bupe akaegemeza miguu ya mama yake kwenye paja, akaanza kubandua vidole, kimoja kimoja, kwa upole, kama anavyochagua nyanya. Akibandua cha pili, cha kwanza kinarudi.

"Mama, tafadhali. Fremu itang'oka."

"Haing'oki," Kalinga akasema kutoka uani. "Hiyo nimeikaza mimi."

"Wewe fundi nyamaza!" Bupe akapiga kelele, na hapohapo akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia akiwa bado katikati yake, akalia pale mlangoni na miguu ya mama yake kwenye mapaja kama alivyokuwa akilia akiwa mdogo, bila kujifuta. Marta akamtazama.

"Bupe," akasema. Halafu, "Hapa."

Tulisimama hivyo muda gani sijui. Dereva akauliza kama anaweza kupumzisha mgongo. Bupe akavuta kamasi, akatazama sebule, godoro la chini, dirisha, mimi. "Nitakuwa nakuja kila baada ya wiki mbili," akasema. "Na ukinidanganya tena kwenye simu, baba, mara moja tu, namchukua." Akamwambia dereva ashushe lile godoro jipya, arudi Iringa peke yake; Kalinga akaja akaupokea mgongo.

Tukamrudisha Marta taratibu, hatua moja, mbili. Mkono haukuja. Ulibaki kwenye fremu, umenyooka, na sisi tumesimama tunausubiri, mpaka tuliposikia gari limewaka, limegeuza, limeshika lami na kupotelea upande wa Uyole.